Ukitaka kujifunza skii New Zealand, anza na mlima wa klabu

Kila Juni inapofika na vilele vinavyoonekana kutoka Christchurch kuanza kuwa vyeupe, napokea swali lile lile kutoka kwa ndugu zetu waliohamia huku: watoto wanataka kwenda kwenye theluji, tuwapeleke wapi? Wengi wameshasikia habari za Mt Hutt, maana ndio uwanja mkubwa ulio karibu na mji, na wameona picha za Queenstown, mji wa kitalii wa kusini. Mimi jibu langu ni moja: nendeni kwenye uwanja mdogo wa klabu. Anzeni na Mt Cheeseman. Mkishakolea, nendeni Broken River.

Kwanza tuelewane ni viwanja gani hivi. Ukitoka Christchurch kwa barabara namba 73 kuelekea Arthur's Pass, unapita Springfield, unapanda Porters Pass, halafu unaingia bonde la Castle Hill lenye mawe makubwa ya chokaa. Upande wako wa kushoto kuna safu ya milima ya Craigieburn, na humo ndimo vilimo viwanja vyenyewe: Porters, Mt Cheeseman, Broken River, Craigieburn Valley. Mbele zaidi, pale Arthur's Pass penyewe, kuna Temple Basin. Porters ni wa kampuni. Hivyo vingine ni mali ya vilabu, yaani wanachama ndio wenye lifti, ile mitambo ya kukuvuta juu ya mlima, ndio wenye loji, na ndio waliovijenga kwa mikono yao. Klabu yenye Mt Cheeseman ilianzishwa mwaka 1929. Faida haigawiwi mtu, inarudi kwenye kamba za lifti, mashine na barabara. Na huhitaji kuwa mwanachama ndipo uruhusiwe kuingia. Unalipia tiketi ya siku kama mtu mwingine yeyote, na kwa kawaida bei yake iko chini ya ile ya viwanja vikubwa.

Usitegemee hoteli wala maduka. Utakuta jengo dogo la kupumzikia, jiko, vyoo, lifti mbili tatu na mlima mzima. Kwangu mimi hiyo inatosha kabisa.

Kinachomsumbua mtu anayejifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vya miguuni, si ukali wa mteremko. Ni watu. Ukiwa bado hujui kusimama, halafu kila dakika kuna mtu anakupita sikioni kwa kasi, mwili unakakamaa, na mwili uliokakamaa hauwezi kujifunza chochote. Likizo za shule za Julai kwenye viwanja vikubwa, nusu ya siku inaishia kwenye foleni ya lifti. Ukishafika juu unaona haya kusimama na kufikiri, kwa sababu nyuma yako wapo wengine wanasubiri. Kwenye mlima wa klabu, siku ya Jumanne mwezi wa Agosti, unaweza kuupata mteremko wa wanaoanza ukiwa na mkeo, wanao na mwalimu peke yenu. Unaanguka, unakaa chini, unapumua, unainuka kwa wakati wako.

Halafu kuna ule ukarimu, ambao ndio hasa unaonifanya niandike haya. Huku mijini watu ni wapole lakini kila mmoja na shughuli zake. Unaweza kukaa mtaa mmoja na jirani miaka bila kujua jina lake. Mlimani ni tofauti. Mzee anayekukatia tiketi ndiye huyo huyo atakayekufunga mkanda wa lifti kiunoni, na mchana utamkuta anakoroga supu. Akikuona unahangaika na kiatu, anapiga magoti kwenye theluji na kukaza vifungo vyake bila kuulizwa. Watoto wangu hawakuwahi kutazamwa kama wageni waliopotea njia. Waliulizwa majina, wakaitwa kwa majina hayo siku nzima.

Lakini ukarimu huo una utaratibu wake, na ni vizuri uufahamu kabla hujaenda kulala kwenye loji. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe unapewa jioni ya kwanza. Kwenye ukuta wa jikoni kuna orodha ya zamu: nani anaosha vyombo, nani anafagia ukumbi, nani anaingiza kuni, nani anapika uji asubuhi. Jiandikishe mwenyewe usingoje kutajwa. Nimeona familia zikijifungia chumbani kwa kudhani zinawaachia wenyeji nafasi, kumbe wenyeji wanasoma kwamba hamtaki kuchangamana. Shika kitambaa cha kukaushia vyombo, simama pale kwenye sinki. Ndani ya robo saa utakuwa umeshajua ni mteremko gani una theluji nzuri kesho, barabara itakuwaje, na nani ana glavu za ziada za kukuazima. Ukija na sufuria ya pilau, basi wewe ni mwenyeji tayari.

Sasa barabara. Hapa ndipo nataka usome polepole, maana barabara ndiyo itakayoamua kama siku ni njema au mbaya. Tunaotoka Tanzania, Kenya na Uganda tuna bahati moja: wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu. Tofauti ni barafu. Kutoka Christchurch hadi Mt Cheeseman weka saa moja na nusu au zaidi. Sehemu kubwa ni lami, lakini ukishaiacha barabara kuu unapanda njia ya changarawe, nyembamba, yenye kona, na bonde pembeni. Sharti uwe na minyororo ya matairi ndani ya gari hata kama jua linawaka. Ikodi mjini, na muhimu kuliko yote, ifunge mara moja nyumbani kwenye sakafu kavu, mchana, ukiwa na utulivu. Kujifunza kuifunga gizani, vidole vimekufa ganzi na watoto wanalia kwenye kiti cha nyuma, ni mateso usiyostahili. Inafungwa kwenye magurudumu yanayovuta gari: yakivuta ya mbele, funga mbele, yakivuta ya nyuma, funga nyuma. Kama gari linavuta kwa yote manne, soma kitabu cha gari lenyewe. Utakuta sehemu pana zilizotengwa za kusimama na kufunga. Simama hapo, usingoje mpaka gari lianze kuteleza katikati ya mlima.

Unapokuja chini ni hatari zaidi kuliko unapopanda. Tumia gia ndogo, gusa breki kidogo kidogo, acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele. Ukiegesha, weka gari kwenye gia na ziba tairi kwa jiwe badala ya kuvuta hendibreki, kwa sababu hendibreki inaweza kuganda na jioni ikakataa kuachia. Gari la dizeli lijaze karibu na mlima, si bondeni, maana dizeli ya huku juu huandaliwa kwa ajili ya baridi. Ile ya kawaida inaweza kuwa nzito kama mafuta ya mgando na gari lisiwake asubuhi.

Mavazi sitayarefusha sana, ila yapo mambo machache ambayo vitabu vya wenyeji havitakwambia, kwa sababu hayawahusu. La jumla ni kuepuka pamba. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa sufu nyembamba au kitambaa cha michezo ndani, sweta la kati, na koti na suruali visivyopitisha maji juu. Soksi ni jozi moja tu, ndefu na nyembamba. Wengi wetu tukisikia baridi tunavaa soksi mbili, matokeo yake damu inabanwa na miguu inapoa zaidi.

Kwa dada zetu: kama umesuka, nenda kukodi helmeti ukiwa na misuko yako kichwani, usikadirie. Misuko minene inabadilisha saizi kabisa, na helmeti inayokaa juu juu kama kofia ya sherehe haitakusaidia ukianguka. Rasta ndefu zifungwe na ziingizwe ndani ya koti. Ukivaa hijabu, vaa ile ya michezo inayobana kichwa, helmeti inakaa vizuri juu yake. Mtandio wenye ncha zinazoning'inia usivaliwe karibu na lifti ya kamba kwa hali yoyote. Nitaeleza sababu hapo chini. Na ngozi nyeusi nayo inaungua. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, hivyo jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini, mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Paka losheni ya kukinga jua, paka midomo, na usivue miwani hata kukiwa na mawingu.

Asubuhi ya kwanza chukua mwalimu. Hata kama shemeji yako anajua, chukua mwalimu. Shemeji atakupandisha juu mapema mno. Mwalimu ataanza na viatu: kisigino kirudi nyuma kabisa, vidole viguse mbele ukiwa umesimama wima, halafu ukikunja magoti vidole virudi nyuma kidogo. Kiatu cha skii kinabana, ndivyo kilivyoundwa, lakini kisiume sehemu moja. Kikiuma, rudi ukabadilishe saa hiyo hiyo.

Kisha utafundishwa kusimama ukiegemeza mfupa wa ugoko mbele ya kiatu. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalokwenda kinyume na akili. Ukiona mteremko mbele yako, mwili wote unataka kurudi nyuma. Ukirudi nyuma, ncha za skii zinakosa uzito na huwezi kuziamuru. Ukiinama mbele kidogo, zinakusikiliza. Ili kupunguza mwendo na kusimama, unazisogeza ncha za mbele zikaribiane na kutanua nyuma, watoto huambiwa wafanye kipande cha pizza. Kukata kona kushoto, kandamiza mguu wa kulia. Kulia, kandamiza wa kushoto. Tazama unakokwenda, usitazame miguu. Ukiona utaanguka, anguka kwa ubavu, upande wa juu wa mteremko. Kuinuka, kwanza geuza skii zikae kukingama na mteremko, zikiwa chini yako, ndipo ujisukume kwa mkono. Bila hivyo kila ukisimama zitaanza safari bila ruhusa yako.

Lifti za vilabu si viti vya kukalia angani. Mt Cheeseman wana nondo zenye umbo la herufi T, zinazoning'inia kwenye waya. Watu wawili wanasimama sambamba, upau unawashika chini ya makalio na kuwavuta juu, skii zikiwa bado zinateleza kwenye theluji. Usikae! Kila anayeanza anataka kukaa, na upau huo haubebi uzito wa mtu, unashuka naye. Simama, magoti yawe laini, uache ukusukume. Kwa mtoto na mtu mzima pamoja upau unakaa vibaya, kwenye goti la mkubwa na mgongo wa mdogo. Waambie wahudumu, watapunguza mwendo na kukuonyesha namna.

Broken River na wenzake wana kitu kingine kabisa. Ni kamba inayozunguka bila kusimama, ikipita juu ya magurudumu madogo ya chuma yaliyofungwa kwenye nguzo. Unavaa mkanda kiunoni, na kwenye mkanda huo kumefungwa kibanio cha chuma chenye mikono miwili. Unasimama kando ya kamba, skii zikielekea juu. Juu ya glavu zako unavaa ngozi ya kukinga, vinginevyo kamba itazila glavu mpya kwa siku moja. Unaishika kamba kwa mkono, taratibu, unaiacha ipite, unakaza kidogo kidogo mpaka nawe umeanza kwenda kwa mwendo wake. Hapo, bila kuchelewa, mkono wa pili unakirusha kibanio juu ya kamba, kinafunga, unaishika mikono yake, na ghafla uzito wote unahama kutoka mkononi kuja kiunoni. Kila ukipita kwenye gurudumu kunasikika mlio wa chuma kwa chuma. Shika mikono ya kibanio tu. Vidole visiguse kamba karibu na gurudumu, hata mara moja. Na sasa unaona kwa nini nimesema mtandio, rasta, kamba za koti na mikanda ya begi vifichwe: kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kunaswa.

Ukianguka njiani, achia kibanio na ujiviringishe kando upesi, kwa sababu nyuma yako kuna mtu anakuja. Hakuna aibu yoyote. Wahudumu wanaangalia na wanaweza kuisimamisha kamba. Mikono itauma siku ya kwanza. Ya pili itauma zaidi. Baada ya hapo mwili unaelewa kwamba kazi ni ya kiuno, na utashangaa jinsi kamba inavyokufikisha juu haraka. Naipenda kamba hii kuliko lifti yoyote, na naamini ndiyo inayovifanya viwanja hivi viendelee kuwa na nafasi, maana asiyetaka kujifunza kuishika huenda kwingine. Ila kwa anayeanza kabisa, narudia, anza Mt Cheeseman. Craigieburn Valley usiende mpaka uwe umeiva. Ule ni mlima wa mabingwa, hauna mteremko wa wanafunzi. Temple Basin nayo ni nzuri mno kwa macho, ila unapanda kwa miguu karibu saa nzima kutoka barabarani, mizigo ikitangulia kwa waya.

Hali ya hewa ya Canterbury, mkoa wetu huu, inaongozwa na pepo mbili. Upepo wa kusini unaleta baridi na theluji. Upepo wa kaskazini-magharibi unaangusha mvua yake upande wa pwani ya magharibi, unavuka milima, kisha unatushukia ukiwa mkavu na wa moto, na juu huko unaweza kuwa mkali kiasi cha lifti kufungwa. Ukiuona umetabiriwa, ahirisha. Siku bora ni ile inayofuata baada ya theluji ya kusini, anga likiwa halina mawingu na upepo umelala. Msimu kwa kawaida huanza Julai na kuishia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Julai theluji inaweza kuwa haba. Agosti ndio mwezi wangu. Septemba kuna jua zuri, lakini alfajiri theluji ya jana imekuwa barafu ngumu kama sakafu, hivyo usikimbilie kuwa wa kwanza. Kunywa chai ya tangawizi, ngoja mpaka saa 4 au saa 5 iive kidogo, teleza, na uondoke kabla alasiri haijaigeuza kuwa uji.

Wakati unasubiri utawaona kea. Ni kasuku wa milimani, wa kijani, na akiruka chini ya mabawa anaonyesha rangi ya machungwa inayowaka. Anapatikana New Zealand pekee, ni hodari, na hana woga hata kidogo. Ukisimamisha wipa za gari zisigandie kioo, kama wengi wafanyavyo, atakuja kuzinyofoa mpira. Atafungua begi. Usimpe chakula, hata mtoto akikuomba, kwa sababu kea aliyezoea chakula cha watu hula vitu vinavyomuua. Funga begi, funga milango ya gari, mwache awe ndege.

Kuhusu usalama, kaeni ndani ya mipaka ya uwanja. Kikosi cha doria hukagua miteremko kila asubuhi kwa ajili ya maporomoko ya theluji, na pale palipofungwa kamba au bango pamefungwa kwa sababu. Nje ya mpaka watu huenda wakiwa na redio ya kutafutana wakifukiwa, fimbo ndefu ya kudunga theluji, koleo na mafunzo. Ukiumia ndani ya nchi hii, shirika la serikali la fidia ya ajali, ACC, husaidia gharama za matibabu ya jeraha hata kama ni mgeni wa kutembea tu. Haligusi ugonjwa wala safari iliyovurugika, kwa hiyo ndugu anayekuja kutoka Dar au Mombasa akate bima yake ya safari.

Watu wa nyumbani hunijibu kwamba theluji si yetu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye skii za milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang. Mimi sihitaji mwanangu afike huko. Nataka ajue kwamba milima anayoiona kutoka darasani kwake ni yake pia.

Basi ukipanga kwenda, chagua siku ya katikati ya wiki, kodi vifaa mjini jioni iliyotangulia, beba chapati na chupa ya chai, na usianze safari kabla ya kusoma ripoti ya asubuhi ya uwanja, ambamo wanaeleza barabara, upepo na lifti zilizo wazi. Na mkipapenda, jiungeni na klabu. Uanachama unapunguza bei ya tiketi na ya kulala, lakini zaidi ya hapo unakupa nafasi kwenye msaragambo wa kiangazi na vuli, theluji ikiwa haipo kabisa: kupaka rangi loji, kuchimba mitaro ya barabara, kubadilisha magurudumu ya kamba. Njoo na glavu za kazi, kofia ya jua na watoto wote. Nyundo zipo.